Plagi Iliyokufa Juu ya Tambach

Inspekta Kavetsa aliipata ile plagi kwa kuikanyaga.

Alikuwa amerudi kwenye kona ile juu ya Tambach kwa mara ya tatu, na safari hii alishuka garini peke yake. Sajini Wanyoike alibaki kwenye usukani, baada ya kusema waziwazi kwamba yeye hakuajiriwa kuhesabu majani. Kitu kigumu kilimchoma Kavetsa kupitia soli ya kiatu. Akainama, akatenganisha nyasi, akakiona: plagi ya injini, ncha yake nyeusi tititi, imelowa mafuta yanayonuka moshi.

Hakuigusa kwa mkono mtupu. Alipiga picha, akachomeka kijiti cha alama, akavaa glavu, ndipo akaiokota na kuitia kwenye mfuko wa ushahidi. Aliigeuza ndani ya mfuko akaitazama vizuri. Haikuwa na kutu hata chembe, na Ijumaa usiku mvua ilikuwa imenyesha huku mpaka barabara ikafungwa na matope. Basi ilikuwa imetupwa baada ya mvua.

Kisha akageuka kuangalia kijiti cha zamani, kile ambacho polisi wa doria walikichomeka Jumamosi jioni kuonyesha mahali Joy alipolala. Kilikuwa karibu sana. Mtu aliyesimama hapa kwenye plagi angeweza kuzungumza na mtu aliyelala pale bila kupaza sauti.

Joy alikuwa mwalimu wa chekechea. Jumamosi mchana alikuwa akitembea kando ya barabara akitoka kumwona shangazi yake, pikipiki ikapanda kutoka bonde la Kerio, ikamgonga, ikaenda zake. Waliokuwa ng'ambo ya kilima hawakuiona, waliisikia tu. Wote walisema neno moja: ililia kama msumeno wa injini, na moshi wa buluu ukaonekana juu ya kilima. Wachungaji walimkuta jioni bado anapumua. Alikufa njiani kupelekwa hospitali, na daktari aliandika kwamba angepata msaada mapema angepona.

Kavetsa hakuwa mtu wa kulia kazini. Alikuwa mtu wa kukasirika, na hasira yake ilikuwa na faida: haikumwacha akae kitako kazi ikiwa haijaisha.

"Umepata nini, madam?" Wanyoike aliuliza aliporudi garini.

"Mtu aliyesimama."

"Aje?"

"Siku zote tumesema aligonga akakimbia. Hakukimbia, Sajini. Pikipiki ilimzimikia hapa hapa. Akafungua plagi, akaweka nyingine, ndio akaenda. Na msichana amelala pale."

Wanyoike alitazama kile kijiti cha zamani, akatazama nyasi, akawasha gari. Walikuwa wamefika karibu na Iten ndipo akasema.

"Basi huyo Wakoli ni mnyama kuliko nilivyodhani."

* * *

Wakoli alikuwa fundi wa pikipiki mtaani Huruma, Eldoret, na tangu jana mchana alikuwa ndani ya seli ya kituo. Pikipiki iliyomgonga Joy ilikutwa kwenye kibanda chake, madigadi ya mbele ikiwa mpya, nyuzi za sweta la marehemu zikiwa zimenasa kwenye ekseli. Kuhusu pikipiki hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya nani aliyeiendesha.

Mwenye pikipiki, Gideon Kiarie, wakala wa mbegu na mbolea kule Sugoi na bingwa wa mbio za pikipiki za matope, ndiye aliyewaongoza polisi hadi kibandani. Alisema aliiacha pale Jumamosi asubuhi irekebishwe breki. Mkewe Wacera aliandika taarifa kwamba mume wake alirudi mapema na kushinda nyumbani siku hiyo. Wakoli naye aliapa kwamba aliletewa Jumapili, baada ya kanisa, wakati vibanda vya jirani vilikuwa vimefungwa na hapakuwa na wa kumshuhudia.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua. Kesho asubuhi Wakoli angepandishwa kizimbani kwa kosa la kusababisha kifo, na Kavetsa alijua kwamba fundi asiye na wakili akishaingia mlango ule, kutoka si kazi ya wiki moja.

Nje ya kaunta, Linah, mke wa Wakoli, alikuwa amekaa kwenye benchi na bakuli la ugali lililofungwa kwa kitambaa. Aliinuka alipomwona Kavetsa.

"Madam, si atoke tu aende kazi. Huyu mtu hata kuku hajawahi gonga."

"Kaa, mama. Naenda kuongea naye."

Ndani, aliushika mfuko wa ushahidi mbele ya uso wa Wakoli.

"Hii unaijua?"

"Ni plagi. Imekufa. Imekunywa mafuta mingi."

"Ni ya kwako?"

"Madam, mimi ni fundi wa boda. Boda ni four-stroke, oil yake inakaa kando na petrol. Hizi za kuchanganya oil na petrol mimi sijui, mtu wa mwisho kuwa nazo kwetu alikuwa baba yangu. Kiarie aliniambia nioshe, nibadilishe madigadi, niangalie breki. Hiyo tu ndio nilifanya. Injini sijaigusa."

"Na Jumamosi ulikuwa wapi?"

Wakoli aliinamisha kichwa. Swali hili aliulizwa jana na akalikwepa, na kulikwepa ndiko kulikomfunga.

"Nilikuwa natesti pikipiki ya mteja."

"Ukatesti mpaka wapi?"

"Turbo."

Wanyoike, aliyekuwa ameegemea mlango, aliangua kicheko. Kila mtu Eldoret anajua mchezo huo. Unamwachia fundi pikipiki akaze nati moja, yeye anaitesti mpaka kwao kijijini, anabeba na gunia la mahindi, anakurudishia jioni akikwambia injini sasa iko sawa.

"Nilienda kuona mama mkwe," Wakoli akasema, "nikapata ameenda matanga. Sikukuta mtu. Na mwenye hiyo pikipiki akijua, jina langu limeisha Huruma."

"Jina!" Wanyoike alisema. "Unashikwa na maneno ya kifo, unalinda jina? Madam, si unaona? Huyu anachukua vitu za watu anaendesha. Leo ni Turbo, kesho ni Tambach."

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ndiyo iliyomuudhi Kavetsa. Alirudi ofisini akafungua bahasha ya mkaguzi wa magari, Bwana Wabuge, aliyeichambua injini jana. Ripoti ilikuwa fupi. Plagi iliyomo imeanza kuwa nyeusi. Mchanganyiko wa mafuta ni wa kawaida, haukuzidi. Kichujio cha hewa ni safi. Jeti ya kabureta, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopitisha petroli, ni namba 162. Wabuge alikuwa ameitoa, akaituma pamoja na ripoti ndani ya mfuko wa ushahidi uliofungwa kwa lakiri.

Mafuta yalikuwa sawa na hewa ilikuwa safi. Basi kwa nini plagi mbili zimekuwa nyeusi? Kavetsa hakujua. Lakini alimjua mtu mmoja ambaye angejua, na ambaye angefurahi sana kuulizwa.

"Sajini, chukua funguo. Tunaenda Sugoi."

"Kumuuliza nini tena Kiarie? Ni shahidi wetu."

"Kumuuliza vile mtu huzuia plagi kuchafuka."

* * *

Kiarie aliwapokea vizuri. Sebule yake ilijaa vikombe vya ushindi, na ukutani alining'inia yeye mwenyewe ndani ya picha kubwa, ameruka angani na pikipiki yake. Wacera, mwanamke mpole aliyevalia aproni, aliwaletea chai na viazi vitamu, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliye ugenini katika nyumba yake.

"Mimi hizi pikipiki sizijui, Bwana Kiarie," Kavetsa alianza. "Kesho hakimu ataniuliza, nami sitaki kuaibika. Nasikia plagi zake zinakufa ovyo."

"Kwa watu wengine, ndiyo." Kiarie alitabasamu. "Kwangu, hapana. Tangu ninunue hiyo machine sijawahi chafua plagi hata moja. Uliza mtu yeyote."

"Siri ni nini?"

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa, na wa Kiarie ulikuwa mrefu, uliozoea kupigiwa makofi.

"Ya kwanza ni mafuta. Oil na petrol unachanganya mwenyewe. Vijana wanamwaga kwa macho, kama mtu anatia chumvi kwa mboga. Mimi napima, kila siku. Ya pili, ukiwasha, usiiache inanguruma hapo bure ukipiga story. Ipashe moto kidogo, uende. Ukienda polepole sana, mara kwa mara uifungulie moto, iunguze ule uchafu. Ukipaki, funga petrol. Air filter iwe safi."

"Ni hayo tu?"

"La, kubwa ni jeti." Alisogea mbele kitini. "Madam, hewa ya huku juu ni nyepesi. Wageni wakikuja kukimbia Iten si unaona vile wanahema? Injini pia. Hewa ikiwa kidogo, petrol lazima iwe kidogo. Kwa hivyo huku unaweka jeti ndogo. Ukishuka bonde la Kerio, hewa ni nzito, unaweka kubwa, ama injini iungue. Sasa watu wanakosea wapi? Mtu anashuka na jeti kubwa, halafu anapanda nayo hivyo hivyo. Petrol inashinda hewa. Kabla afike juu, plagi imekuwa nyeusi na pikipiki imemlalia kwa njia."

Kavetsa aliweka kikombe chini polepole, asije akakigonga. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kitu cha shaba chenye namba, na kwa mara ya kwanza namba ile ilimwambia jambo. Alijilazimisha kuchukua kiazi na kukimenya, maana hakuna faida kumfungia mtu mlango kabla hujaziba madirisha yote.

"Na hapa Sugoi unatumia namba gani?"

"155. Ndio iko ndani saa hii. Ijumaa niliendesha hapa shambani, nikatoa plagi nikaangalia. Rangi ya chai ya maziwa. Safi kabisa. Jumamosi asubuhi nikampelekea Wakoli vile ilivyokuwa."

"Kerio ulishuka lini mwisho?"

"Mwaka jana, kwa mashindano."

"Wakoli amewahi kuingia nyumba hii?"

"Huyo? Aje kufanya nini?"

"Na hizo jeti unazo nyingi?"

"Moja moja, kila namba. Zinaagizwa mbali. Ikipotea unangoja mpaka usahau. Ndio maana nazifungia kabatini, na ufunguo ni huu hapa peke yake. Hata mama wa hii nyumba hana."

"Ningependa kuziona."

Mkono wa Kiarie ulienda kwenye funguo kiunoni, ukabaki hapo.

"Ni vitu vidogo tu, madam. Hazina maana."

"Vitu vidogo ndio kazi yangu."

"Labda siku ingine. Nimengojwa kwa store."

"Si uwaonyeshe tu, Baba Wangeci," Wacera alisema kwa upole, akitaka wageni waridhike na kuondoka. "Ni dakika moja."

Kiarie alimtazama mkewe kwa jicho ambalo Kavetsa hakulipenda. Lakini Wanyoike alikuwa ameshainuka, amesimama karibu na mlango, na hakuwa anacheka tena. Kiarie akafungua kabati.

Kisanduku kilikuwa cha plastiki, kimegawanywa vyumba vidogo, kila chumba kimebandikwa namba yake. Kavetsa alivaa glavu na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Sajini, nisomee vyumba vilivyo tupu."

Wanyoike aliinama. "Ni kimoja tu. 162."

Kavetsa akatoa mfuko wenye lakiri ya mkaguzi na kuuweka mezani katikati ya vikombe vya chai. "Hii ilitolewa kwenye kabureta ya pikipiki yako jana. Isome."

"162," Wanyoike akasema.

Kiarie alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Basi ni Wakoli ameiweka. Hawa mafundi wanachezea kila kitu."

"Ameitoa wapi? Kabati ufunguo wake ni wako, na hapa hajawahi fika."

"Anaweza kuwa alinunua."

"Sawa, tuseme alinunua. Ikapatikana siku hiyo hiyo, kitu ambacho wewe unaagiza mbali ukangoja. Akaitoa ile 155 yako, akaweka yake. Tumekubaliana?"

"Ndiyo. Hivyo."

"Basi tazama chumba cha 155."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Jeti ndogo ilikuwa pale pale, mahali pake, inang'aa.

"Umesema unayo moja," Kavetsa aliendelea. "Umesema Jumamosi asubuhi pikipiki iliondoka hapa ikiwa nayo ndani. Tangu jana pikipiki iko mikononi mwetu. Sasa niambie, Bwana Kiarie, 155 ilitembea kutoka Huruma ikaingia ndani ya kabati iliyofungwa?"

Kiarie alinyoosha mkono kukichukua kisanduku, Kavetsa akakisogeza upande wake.

"Haikutembea. Haikutoka hapa. Uliitoa wewe, ukaweka kubwa, kwa sababu ulikuwa unashuka Kerio. Na ukapanda na hiyo kubwa, vile umenifundisha mwenyewe watu hukosea. Ulikuwa na haraka gani?"

"Simu ya store," Kiarie alisema kwa sauti ndogo. "Lori la mbolea lilikuwa limefika. Nikasema nitabadilisha nyumbani, halafu nikasahau." Akashtuka kusikia alichokisema. "Lakini hiyo haimaanishi..."

"Una haki ya kunyamaza," Kavetsa alimkatiza, "na ya kuita wakili. Ukisema neno, nitaliandika." Kisha akaiweka plagi nyeusi mezani. "Hii ilikuwa kwenye nyasi, karibu na pale Joy alianguka. Ulimgonga, ukapunguza mwendo, injini ikazama kwa petrol, plagi ikafa. Ukabaki pale pamoja naye."

Wacera alikuwa amesimama. Aproni ilikuwa imekunjwa mikononi mwake.

"Gideon," alisema. Hakumwita baba wa mtu. "Uliniambia ni mbuzi."

"Wacera, nyamaza."

"Uliniambia umegonga mbuzi ya watu, na hao watu watakuua wakikushika. Nikaandikia polisi ulikuwa hapa. Niliandika kwa mkono wangu, Gideon. Kwa sababu ya mbuzi."

Wanyoike alikuwa ameshatoa pingu bila kuambiwa. Kavetsa alijua kwamba kazi yake ilikuwa imekwisha, kwamba alichohitaji kwa hakimu alikuwa nacho. Lakini kulikuwa na jambo ambalo si la hakimu, na aliliuliza kwa sababu hakuweza kutoka pale bila kuliuliza.

"Alikuwa anaongea?"

Kiarie alikaa chini. Bingwa alikuwa amesinyaa ndani ya shati lake.

"Alikuwa anaomba maji."

"Na ulikuwa nayo?"

Wanaoendesha pikipiki zile hubeba maji mgongoni. Kwenye ile picha kubwa ya ukutani mfuko ulionekana wazi, na mrija wake.

"Injini ilikuwa moto," Kiarie alisema. "Plagi haikushikika. Niliyamwaga kwa injini."

Kavetsa alihisi mkono wake ukitaka kuinuka na kumpiga. Aliuficha mfukoni, akahesabu pumzi zake hadi ukatulia. Wanyoike, ambaye asubuhi hiyo hakutaka kuhesabu majani, alimfunga Kiarie pingu na kumtoa nje bila kumtazama usoni.

Kavetsa alipiga simu kituoni. "Wakoli asipande gari la kortini kesho. Mtoe seli sasa hivi, mkalishe na mke wake, apewe chai. Ndiyo, mimi ndiye nimesema. Mkuu akiuliza, mwambie ninakuja na mwenye pikipiki."

Alipokata simu, Wacera alikuwa bado amesimama karibu na meza.

"Madam, ile statement yangu. Ichane. Niandike ingine."

"Haichanwi, mama. Utaandika ingine, na zote mbili zitasomwa kortini. Utaulizwa kwa nini ulidanganya, mbele ya watu, na mama yake Joy akiwa hapo. Na unaweza kushtakiwa. Sikufichi."

Wacera alitazama nje dirishani, mahali ambapo mumewe alikuwa anainamishwa kichwa kuingizwa garini. Kisha akavisukuma vikombe upande, akapangusa meza kwa aproni, akavuta kiti.

"Nipe kalamu," alisema.